Masomo sita ya gofu Dar es Salaam: uzoefu wangu na kocha aliyeanzia kwenye mshiko

Nilijifunzia gofu Nairobi, na kwa miaka minne niliamini kwamba mpira wangu kupinda kulia ni kasoro ndogo inayovumilika. Nilipohamia Dar es Salaam mwaka jana, kasoro hiyohiyo ikaanza kunipotezea mipira mitatu au minne kila raundi, na ayoni namba 7, fimbo ya chuma ya mipigo ya wastani, iliyozoea kunipa mita 140 ikawa inaishia mita 128. Nilidhani nimepungukiwa nguvu. Kocha niliyemwendea ndiye aliyenifafanulia kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, hivyo mpira husafiri mbali zaidi na haupindi sana, ilhali pwani hewa ni nzito na kila kosa la mpigaji huonekana waziwazi.

Nililipia masomo sita ya dakika 45, kila moja shilingi 40,000, mbali na ndoo za mipira ya mazoezi. Katika somo la kwanza hakugusa kabisa namna ninavyozungusha mwili, jambo lililonishangaza, kwa kuwa ndilo nililokuwa nikihangaika nalo peke yangu kwa muda mrefu. Alisema tu, "Kaka, shika fimbo kama ulivyozoea, kisha uniambie unaona vifundo vingapi vya mkono wako wa kushoto." Niliona kimoja. Akaugeuza mkono kidogo kuelekea kulia mpaka vikaonekana viwili na sehemu ya cha tatu, na alama ya V kati ya kidole gumba na cha shahada ikaelekea bega la kulia. Kwa mshiko wangu wa zamani, uso wa fimbo ulibaki wazi, yaani umeelekea kulia, wakati wa kugonga mpira, na uso unapokuwa wazi kuliko njia inayopitwa na fimbo, mpira wa mtu anayetumia mkono wa kulia hupinda kulia.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Viganja viliniuma na mipira mingi ilikwenda kushoto, hata nikamwomba, "Mwalimu, turudi kwenye ule mshiko wa zamani." Alikataa kwa upole, akaniambia nipige kwanza mipira mia mbili. Ninamshukuru kwa msimamo huo, kwani kocha anayetafuta kumfurahisha mteja angenikubalia.

Rekebisho la pili lilihusu draiva, fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza wa mbali. Nilikuwa nikiuweka mpira mbele mno, kupita kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, na kwa kuufuata mabega yangu yaligeuka kushoto bila mimi kutambua, kwa hiyo fimbo ikawa inaukata mpira kutoka nje kuja ndani. Aliurudisha usawa wa kisigino cha kushoto na kulaza fimbo ardhini ili nipangilie miguu na mabega. Tangu hapo raundi nyingi ninazimaliza bila kupoteza mpira hata mmoja kutoka kwenye kijiti cha kuanzia shimo, na katika miezi mitatu nimeshuka kutoka mikwaju 104 hadi 95 kwa raundi.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Tulitumia masomo matano na nusu tukipiga mipira ya mbali, na nusu somo tu kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Nilipohesabu mikwaju yangu ya raundi ya 95, nilikuta 38 ilipigwa ndani ya grini, zaidi ya mikwaju miwili kwa wastani kwa kila shimo kati ya mashimo 18. Mchezaji wa ridhaa mwenye nafasi ya kufanya mazoezi mara moja kwa wiki anastahili kuelezwa jambo hilo mapema, kabla ya kulipa.

Hata hivyo ninampendekeza kwa yeyote ambaye tayari anacheza na anasumbuliwa na kasoro moja inayojirudia. Somo la saba nimeshaliomba, na nimemwambia kwamba siku hiyo tusitoke kwenye grini.