Kusomea ualimu wa nasari hapa Mombasa: uzoefu wangu

Nimemaliza diploma ya ECDE, yaani elimu ya watoto wadogo wa nasari, ile mpya ya miaka 3 iliyoanza 2021 kwa ajili ya CBC, mtaala wa umilisi, na mtu akiniuliza ajiunge ama asijiunge namwambia ajiunge, ila koleji aichague kwa mafunzo ya vitendo, sio uzuri wa jengo wala karo peke yake.

Koleji yetu ilikuwa ndogo, ya mtaani, maktaba ina vitabu vichache tu, tunagombania. Lakini kulikuwa na rumu ya vifaa na pale ndio nimejifunzia kazi. Madam wetu vya dukani hakutaka kuviona, kwa hivyo tulikuwa tunaokota vifuniko vya soda, vifuu, makombe ya pwani, hata kokwa za mabuyu, tunaosha tunaanika ndio tunatengenezea vifaa vya kuhesabia na kupanga. Alikuwa akituambia ile programu ya Madrasa ya Aga Khan Foundation ilianzia hapa hapa Mombasa miaka ya 80, nayo ilitumia vitu hivi hivi vya bei rahisi, na walai mimi hiyo ilinipa fahari.

Siku ya unga nayo siisahau. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta kidogo, maji na rangi ya chakula, unakanda mpaka uache kunata mikononi. Chumvi ndio inaufanya usiharibike haraka. Mtoto akifinyanga ule unga, ama akibana vibanio vya nguo kwenye mdomo wa kopo, vidole vinapata nguvu na penseli baadaye anaishika bila taabu. Nimeona mashule mtoto wa PP1, darasa la kwanza la nasari, miaka 4 tu, analazimishwa kujaza ukurasa mzima wa herufi na machozi yanamtoka, inaniuma sana kwa sababu kumbe vidole vyenyewe bado.

TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nilipelekwa Likoni. Barua ilichelewa kutoka ofisini, wiki za kwanza zikapotea hivi hivi na hilo sikulipenda kabisa. Lakini darasani kulikuwa na mtoto hafungui mdomo, wenzake wanasema ni bubu, kumbe nyumbani kwao ni Kidigo kitupu. Nikamuomba mama anayepika uji anifundishe kuhesabu Kidigo, nikakaa na yule mtoto chini kwenye mkeka na makombe yetu, siku hiyo akahesabu mpaka kumi kwa sauti na juu yake akanirekebisha matamshi. CBC yenyewe inataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, lakini mpaka uone ndio unaelewa.

Upande wa kazi mjue mapema, tangu katiba ya 2010 nasari za serikali ziko chini ya kaunti. TSC, tume ya walimu, inakusajili, lakini anayekuajiri ni kaunti, na mshahara na kontrakti zinatofautiana kaunti na kaunti, wengine wanafanya miaka kwa kontrakti fupi fupi. Mwalimu anayeweka msingi wa mtoto anastahili zaidi ya hapo, na hili nitalisema popote.

Kwa hivyo ukienda kuulizia usiishie kuchukua fomu. Omba uonyeshwe rumu ya vifaa, uliza TP inachukua muda gani na nani anakuja kukukagua, na uhakikishe mtihani ni wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, kabla hujatoa hata shilingi.