rsync kwa mafaili makubwa: nzuri, ila usiitumie ilivyo

Faili la GB 100 kwenye laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 22, na sijaona laini isiyokatika hata mara moja muda wote huo. Ndiyo maana scp, amri ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine, nimeiacha: ikikatika kwenye asilimia 97, unaanza upya.

rsync, programu nyingine ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, ipo tangu 1996 na kwangu ndiyo inayofaa zaidi. Kasoro yake ni kwamba usipoielekeza, ikikatika inafuta kipande kilichokwisha kufika. Ukiweka --partial, kipande kinabaki, lakini kinabaki na jina kamili la faili. Skripti iliyoko kwenye seva inaweza kukichukua ikidhani kazi imekwisha. Mimi natumia hii, inayoweka kipande kwenye folda ya pembeni iitwayo .kipande:

until rsync -av --progress --partial-dir=.kipande --timeout=300 hifadhi.tar mtumiaji@seva:/data/; do sleep 30; done

--timeout ndiyo roho ya amri hiyo. Muunganisho ukifa kimyakimya, bila timeout asilimia huganda palepale na hakuna kosa linaloonekana. Ikiwepo, rsync hujitoa kwa kosa namba 30, kisha kitanzi (until ... done, kinachorudia amri hadi ifanikiwe) kinairudisha. Usiibane hadi sekunde 10, maana seva yenye diski nzito inaweza kukatwa ikiwa bado inasoma. Tumia funguo za ssh (njia ya kuingia kwenye seva bila kuandika nenosiri), la sivyo kila mzunguko utakudai nenosiri. Kitanzi hicho pia hakina akili: diski ikijaa, kitagonga mlango usiku kucha.

Na diski hujaa kweli. Ikianza tena, rsync haiongezi mwishoni mwa kipande. Inatengeneza nakala mpya huku ikichota data kutoka kwenye kile cha zamani. Kipande cha GB 90 cha faili la GB 100 kinahitaji nafasi ya GB 190 kwa jumla. Utaona asilimia zikikimbia kwa kasi isiyolingana na laini yako. Hapo seva inajinakilia yenyewe.

Nafasi ikiwa finyu, --append-verify huendelea pale ilipoishia na kukagua faili zima mwishoni. Haikubali kukaa pamoja na --partial-dir, kwa hiyo chagua moja. Pia faili la chanzo lisiguswe katikati: likiwa limebadilika lakini lile la kwenye seva lina urefu uleule, linarukwa tu. --append-verify inahitaji rsync toleo la 3 au jipya zaidi. Mac nyingi za zamani zilikuja na 2.6.9, ambalo halina chaguo hilo.

-z (kubana data njiani) iache kwa video na zip, inachosha kichakataji bure. Kama wengine wanatumia laini hiyohiyo, --bwlimit=1000 huchukua takriban megabiti 8 na kuwaachia zinazobaki.