Kwa dereva: lenzi za kubadilika rangi au miwani ya jua yenye namba?

Lenzi za kubadilika rangi ni zile zinazokuwa nyeusi juani na kurudi kuwa angavu ndani ya nyumba. Ili zikolee, nyingi hazisubiri mwanga tunaouona. Husubiri mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Hapo ndipo dereva anapokwama. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu mionzi yote hiyo. Jua la saa kumi na moja jioni linakupiga usoni, macho yanajikunyata, lenzi ziko vilevile kana kwamba umekaa sebuleni. Vioo vya pembeni mara nyingi hupitisha kiasi, kwa hiyo zinaweza kupata kivuli chepesi, basi.

Joto nalo huzipunguza nguvu: mchana wa Mombasa hazikolei kama asubuhi ya baridi Limuru.

Miwani ya jua yenye namba, yaani yenye lenzi zilizopimwa kwa macho yako, haijali kioo. Giza lake ni lilelile ndani ya gari na nje, na ikiwa ni ya polaraidi hukata mng'ao wa lami iliyolowa, jambo ambalo lenzi za kawaida za kubadilika rangi haziwezi. Lakini utabeba miwani miwili, na usiku hii ya jua ni hatari kabisa.

Anayeshinda kwenye usukani, ninamshauri achukue ya jua bila kusita. Mwalimu anayetoka darasani kwenda uwanjani atafurahia zaidi zile za kubadilika. Zipo pia zinazoitikia mwanga wa kawaida na kukolea kiasi ndani ya gari. Muulize fundi miwani kabla hujalipa.