Kumzuia mdai msumbufu Uingereza: kifungu cha 42 au amri ya jaji?

Mdai msumbufu ni mtu anayefungua kesi zisizo na msingi tena na tena. Kati ya njia mbili za kumzuia, kifungu cha 42 cha sheria ya mahakama ya mwaka 1981 ndicho kizito. Mwanasheria Mkuu hupeleka ombi la kumzuia Mahakama Kuu, na mhusika lazima apewe nafasi ya kusikilizwa. Amri isipotaja kikomo hudumu daima, na nakala yake huchapishwa kwenye gazeti la serikali. Baadaye akitaka kufungua kesi huomba kibali. Akinyimwa, hana rufaa.

Njia ya pili, amri ya jaji ya kizuizi katika kesi za madai, ni nyepesi, na hapo ndipo haki huponyoka. Aina yake ndogo kabisa huhitaji maombi mawili tu yasiyo na msingi wowote ndani ya kesi moja, na jaji anaweza kuitoa bila kuombwa na yeyote. Ikitolewa bila kikao, lazima ieleze haki ya kuomba ifutwe. Isipotaja muda wa kuomba hivyo, ni siku 7 tangu mhusika akabidhiwe amri. Kwa asiye na wakili, siku hizo ni chache mno! Afadhali jaji amwandikie kwanza, ayataje maombi yenyewe kwa tarehe, kisha asubiri majibu. Kifungu cha 42 ni kikali zaidi, lakini angalau hakimvamii mtu kwa kushtukiza.