Uzoefu wangu: ziara ya usiku kwenye moto wa Yanartaş

Moto naupa nyota tano. Ziara naipa mbili.

Nilikuwa Çıralı, kijiji cha pwani mkoani Antalya, kusini mwa Uturuki, na nyumba ya wageni niliyofikia ikaniuzia ziara ya jioni kwenda Yanartaş, yaani jiwe liwakalo. Gari lilikuja kwa wakati, hapo sina neno. Ila tochi niliyopewa ilizimika kabla hatujafika nusu ya njia, nayo njia ni ngazi za mawe, karibu kilomita moja ya kupanda kutoka lango la tiketi. Nikamfuata mama mmoja kwa mwanga wa simu yake. Kufika juu, tukapewa dakika ishirini tu!

Juu ni mwamba mtupu wenye nyufa, na kila ufa una ulimi wake wa moto. Hakuna kuni, hakuna mafiga, hakuna anayechochea. Niliketi karibu na mmoja mdogo, wa kimo cha kiganja. Upepo ukauzima. Jamaa mmoja akasogeza kiberiti, ukashika tena kwa sauti ile ile ya jiko la gesi nyumbani.

Mwongozaji alisema "ni gesi", basi. Hakutuambia kuwa ni methani, na kwamba sehemu kubwa yake haikutokana na mabaki ya mimea na viumbe kama gesi nyingi zinazochimbwa. Mawe ya pale yaliwahi kuwa chini ya sakafu ya bahari; maji yakiyapenya huzaa haidrojeni, na haidrojeni ikikutana na kaboni inazaliwa methani, ndani ya mwamba wenyewe.

Wala hakumtaja Chimaera, na mimi nilikwenda kwa ajili yake. Tangu kale watu wamesema zimwi hilo lilikaa hapa, katika nchi iliyoitwa Lykia. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, analieleza: simba mbele, nyoka nyuma, mbuzi katikati, likipumua moto. Shujaa Bellerophon ndiye aliyeliua, na hekaya za baadaye zinasema mkuki wake ulikuwa na madini ya risasi nchani, ikayeyuka kwa pumzi za zimwi na kulichoma tumbo. Ukiwa umeinama juu ya ufa unaotema moto, unaamini kabisa kwamba chini kuna kitu kinahema. Magofu ya hekalu la Hephaistos, mungu wa wahunzi, yako pale pale. Tuliyapita bila kusimama. Hilo liliniuma kuliko tochi.

Kesho yake nilirudi peke yangu, nikalipa tiketi langoni, na viatu vya raba, maji na tochi yangu mwenyewe. Hivyo ndivyo ninavyowashauri muende. Fikeni kabla ya magharibi, mngoje giza: kadiri mwanga unavyopungua ndivyo ndimi zinavyozidi kujitokeza, hata zile ambazo mchana huzioni. Familia moja ilikuwa imebandika birika juu ya mwali. Wakanimiminia chai. Niliteremka saa nne usiku, na hakuna aliyenipigia filimbi ya kuondoka.