Phandelver au Strahd: tuanze na ipi mezani Mtwara?

Kundi limetimia pale Shangani na dadu zipo; kilichobaki ni kuchagua hadithi ndefu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika na mwendesha mchezo anasimulia. Zinazogombewa ni mbili: Lost Mine of Phandelver ya 2014 na Curse of Strahd ya 2016.

Phandelver ina sehemu nne, na inawapandisha wahusika kutoka ngazi ya 1 hadi ya 5. Mwendesha mchezo mgeni ataimudu. Ila shambulio la magoblini, viumbe wadogo wakorofi, njiani, mwanzoni kabisa, ni kali: mishale miwili inatosha kumwangusha mhusika wa ngazi ya kwanza. Waambie wachezaji mapema kwamba kujificha si uoga.

Strahd ni mzigo mwingine. Inafika ngazi ya 10, na Barovia, nchi ya hadithi hiyo, imezingirwa na ukungu, aliyeingia hatoki. Uzuri wake ni karata za Madam Eva, mpiga ramli wa humo. Unazichanganya, unafunua, zinaonyesha hazina tatu zimefichwa wapi na Strahd, mnyonya damu anayeitawala nchi hiyo, atakutwa sehemu gani ya ngome yake. Ndiyo maana makundi mawili hayapati hadithi ileile. Lakini soma kitabu chote kwanza, maana karata ikishafunuliwa huwezi kurudi nyuma.

Halafu kuna korosho. Kuanzia Oktoba wachezaji wanatawanyika Newala na Tandahimba, shambani na mnadani. Phandelver ukiianza Juni inaweza kwisha kabla. Strahd itakatikia njiani, na hofu ikikatika haiungiki kirahisi. Mimi ningeanza na Phandelver, Strahd ningeiweka Januari watu wakisharudi.