Mbwa mfupi, sauti nene: miaka miwili na dachshund kwenye chumba na sebule, Mbeya

Wateja wangu wa cherehani wakimwona kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: "Sasa dada, huyu naye analinda nini?" Analinda. Mtu akisimama usiku nje ya uzio wetu hapa Iyunga, kabla hajagusa geti, Tazara, mbwa wangu, ameshabweka, na asiyemwona atajua humu ndani kuna jibwa la kufungwa mnyororo. Wapangaji wengi wananiulizia mbwa wa aina hii kwa sababu nyumba zetu ni ndogo, kwa hiyo nimeona niandike nilichokiona, kizuri na kichungu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Akishavuka Tunduma kwenda Zambia naweza kulala peke yangu wiki mbili. Uani kwetu tuko wapangaji wanne pamoja na bibi mwenye nyumba, na ukiondoa kamba za kuanikia nguo na kibustani chake cha viazi, hakuna mahali pa kusimamisha banda la mbwa mkubwa. Bibi alikubali kwa masharti: awe mdogo, alale ndani, na siku atakapomng'ata mtoto, ama aondoke yeye ama tuondoke sote.

Jina dachshund ni la Kijerumani. Hund ni mbwa, na Dachs ni mnyama wa Ulaya anayeishi kwenye mashimo, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Wawindaji wa Ujerumani walimzalisha mbwa huyu aingie shimoni kumfuata mnyama huyo mkali. Ndiyo maana miguu ni mifupi, kifua kimejaa, mwili ni mrefu, na sauti ni nzito kiasi kwamba mwindaji aliye juu ya ardhi aliweza kujua mbwa wake amefika wapi. Kule chini hakuwa na wa kumwelekeza, ilibidi aamue mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu karibu kila kilichonipa furaha na kila kilichonitoa machozi kwa Tazara kimetoka kwenye shimo hilo.

Jina alipewa na watoto wa uani. Stesheni ya reli ya Tazara haiko mbali, treni ya kwenda Kapiri Mposhi wanaijua vizuri, na walipomwona akipita chini ya kamba na mgongo wake ule mrefu, mmoja akapaza sauti, "Tazara hiyo!" Likabaki.

Nilimnunua shilingi laki tatu. Muuzaji alinihakikishia mambo mawili: hatazidi kilo nne, na chanjo amemaliza. Kadi ya chanjo nilipoiomba akasema atanitumia. Leo Tazara ana kilo nane na nusu, na kadi haijafika. Kilo nimezisamehe, ingawa dachshund wa kawaida hufika hata kilo kumi na zaidi na mtu anayeuza mbwa anapaswa kulijua hilo. La chanjo bado linaniuma. Ugonjwa wa parvo humwua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache kwa kuhara damu na kutapika, na mimi nilikuwa nampitisha kila mahali nikiamini ana kinga. Daktari wa mifugo aliponiambia bila kadi hesabu ni sifuri, tukaanza upya: chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine hatari wa mbwa, kurudia kila baada ya wiki chache mpaka alipopita miezi minne, na ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu. Hii ya kichaa narudia kila mwaka. Usimlipe mtu kabla hujaishika kadi mkononi.

Miezi mitatu ya mwanzo nilitaka kumrudisha. Alibweka kila bodaboda iliyopita, na barabara yetu zinapita mpaka usiku wa manane. Alichimba. Siku moja nilirudi kutoka Mwanjelwa nikakuta tuta zima la viazi vya bibi limepinduliwa na yeye yuko ndani ya shimo, kimebaki kiuno na mkia. Bibi alisimama pembeni na jembe lake, akaniangalia, hakusema kitu. Afadhali angenigombeza. Nilimfidia debe la viazi na nikapanda tuta upya kwa mikono yangu.

Kumpiga hakukusaidia. Ukimpiga anakununia, anakupa mgongo, na kesho anafanya tena. Kilichosaidia ni kumchosha. Asubuhi saa kumi na mbili naenda naye nusu saa kwa kamba, namwacha anuse kila jiwe analotaka, kwa sababu pua ndiyo inayomchosha kuliko miguu. Halafu kila bodaboda ilipopita naye akanyamaza, hata kwa sekunde tano, nilimpa usipa mmoja mkavu. Akibweka, hapati. Ilichukua muda mrefu, kama miezi minne, lakini sasa habweki bodaboda. Anambweka anayesimama. Kwenye kona yangu ya ua nilimwekea pia ndoo kubwa iliyokatwa, nikaijaza mchanga na kufukia usipa ndani. Akitaka kuchimba, anachimba pale.

Kuhusu majirani, mzungumze kabla mbwa hajaja. Dada wa chumba cha pili kwetu ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Yakimgusa nguo lazima aitwaharishe kabla ya kuswali. Tulikaa tukapanga: Tazara hapiti upande wa kamba zake, na saa za yeye kutoka kwenda msikitini mbwa yuko ndani. Hatujawahi kukosana.

Kilichowageuza moyo wengine ni panya. Usiku mmoja wa masika tulisikia kitu kinakwaruza nyuma ya gunia la mahindi. Tazara alikuwa amejifukia kwenye blanketi mwili mzima, ndivyo anavyolala. Kwanza blanketi likatulia. Kisha ikatoka pua peke yake, nyeusi, inacheza kushoto na kulia. Halafu akashuka polepole bila kucha kulia sakafuni, akajipenyeza kati ya gunia na ukuta, mahali ambapo mkono wangu haupiti, mpaka ukabaki mkia tu umesimama wima. Nikasikia kishindo kimoja. Alitoka kinyumenyume, maana mle hakuna pa kugeukia, akaja kumlaza yule panya juu ya kandambili yangu. Kesho yake mama wa chumba cha mwisho alikuja kumwazima. Ni kweli, alimwazima, kwa jioni mbili, akamrudisha ameshiba. Nikamwomba jambo moja tu, asiweke sumu ya panya nyumbani kwake, kwa sababu mbwa akimla panya aliyekula sumu naye anaweza kuumia.

Sasa mgongo. Hili wauzaji hawalitaji, na kama una mpango wa kumnunua ningependa ulisome mara mbili. Alipokuwa na mwaka na miezi miwili aliruka kutoka kwenye kochi, kama alivyokuwa akiruka kila siku, akatoa yowe moja. Alipojaribu kutembea, miguu ya nyuma ikawa inapishana. Nilimbeba kwenye bajaji akiwa amelazwa juu ya ubao wangu wa kupigia pasi. Daktari alinieleza kwamba kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu laini kama kimto. Kwa mbwa walioumbwa na miguu mifupi namna hii, vimto hivyo hukakamaa mapema, mbwa angali kijana, na kimoja kikichomoka kinakandamiza uti wa mgongo. Alimfinya vidole vya nyuma kuona kama anasikia maumivu. Alisikia, na daktari akasema hapo tuna tumaini.

Alipewa dawa, na wiki nne za kukaa kwenye kizimba, kutoka kwa kubebwa tu kwenda kujisaidia. Kumbeba kwenyewe nilifundishwa: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya nyonga, mgongo ubaki sawa kama ubao. Nilikuwa namnyanyua kwa kumshika makwapani kama mtoto mchanga, kumbe namwumiza. Wiki hizo nne alilia kila nilipopita, na mimi nililia naye mara kadhaa, sioni aibu kusema. Wiki ya tatu aliposimama na kujikung'uta bila kuyumba nilimpigia mume wangu simu akiwa foleni mpakani. Tangu hapo kochi lina mteremko wa ubao niliougandisha zulia, kitanda kiko chini, ngazi za barazani anabebwa, na uzito tunaulinda. Mbwa huyu akinenepa, tumbo linauvuta mgongo.

Chakula chake ni dona na usipa wa Ziwa Nyasa, mara mojamoja utumbo uliochemshwa vizuri. Mabaki ya mezani nimeacha kabisa, kwa sababu mboga zetu zote zina vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Na kwa sisi tunaokaa jirani na Rungwe, kokwa za parachichi zisizagae uani. Akimeza moja inaweza kumziba utumbo.

Baridi ya Juni na Julai inampata, manyoya yake ni mafupi na tumbo liko sentimita chache juu ya sakafu. Hapo ufundi wangu umenisaidia. Mkono wa sweta la mtumba la mtu mzima unamtosha kama umepimwa kwake: nakata, natoboa matundu mawili ya miguu ya mbele, napinda kingo. Ana matano.

Nimewaona na mbwa wadogo wa aina nyingine. Mdogo wangu Iringa, Gangilonga, ana Maltese. Ni mbwa mpole na anafaa chumba kimoja, ila manyoya meupe na vumbi letu jekundu vinamtaka kitana kila siku. Rafiki yangu wa Uyole ana Jack Russell, aina iliyoanzishwa na kasisi mmoja wa Uingereza kwa kuwinda mbweha. Kwa ukakamavu anampita Tazara, na mgongo wake ni imara zaidi, lakini bila uwanja wa kukimbia atakula milango. Chihuahua kwa baridi hii ya Mbeya mimi nisingemleta.

Kwa mwenye chumba na sebule, anayeweza kutoka naye kila asubuhi, mwenye subira ya ubishi na akiba ya daktari, namsifu dachshund kwa moyo wote. Mwenye watoto wadogo wanaopenda kunyanyua mbwa hovyo asimchukue. Nyumba ya ngazi nyingi vilevile hapana. Ukienda kununua, omba kumwona mama yake, mtazame anavyotembea, na uulize kama amewahi kuumwa mgongo.

Bibi mwenye nyumba siku hizi akirudi sokoni anamwita kabla ya kuniita mimi, "Tazara, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, huku akimpa kichwa cha sato. Nami naandika haya nikiwa na sare sita za shule za kumaliza leo. Amelala juu ya kanyagio la cherehani, amejifunika kitambaa cha mteja, na nikitaka kushona lazima kwanza nimwombe asogee.